Tom Mix: Kauboi wa sinema aliyerudi tandikoni kuokoa sarakasi yake

MWAKA wa 1935, mwanamume mwenye umri wa miaka 55, ambaye mwili wake ulikuwa umejaa makovu na mifupa iliyowahi kuvunjika, alikubali kupanda farasi mbele ya kamera kwa wiki nne zaidi. Ujira wake ulikuwa dola 10,000 kwa kila wiki. Jina lake lilikuwa Tom Mix, na katika miaka ya 1920 hapakuwa na kauboi wa sinema aliyempiku kwa umaarufu, si Marekani alikozaliwa, si Ulaya.

Fedha hizo hakuzitafuta ili ajijengee kasri. Makasri alikuwa ameyajenga na kuyapoteza. Alizihitaji kulisha farasi na tembo, kununua malori na mahema, na kuwalipa watu waliokuwa wakizunguka naye katika sarakasi iliyobeba jina lake. Filamu aliyokubali kuigiza iliitwa The Miracle Rider, yaani Mpanda Farasi wa Miujiza. Ilikuwa hadithi ya mfululizo wa vipindi 15, na ndiyo ikawa kazi yake ya mwisho katika sinema.

Thomas Hezikiah Mix alizaliwa Januari 6, 1880 katika kitongoji cha Mix Run, jimbo la Pennsylvania. Hapo ni mashariki mwa Marekani, penye misitu na wakata mbao, mbali kabisa na nyika za Texas ambako matangazo ya sinema yalikuja kudai kwamba ndiko alikotoka. Babake alikuwa mtunza farasi wa tajiri mmoja wa biashara ya mbao, na ni katika zizi la tajiri huyo ambamo kijana Tom alijifunza kupanda. Tangu utotoni alitamani kuwa mtu wa sarakasi.

Mnamo Aprili 1898, Marekani ilipoingia vitani dhidi ya Uhispania, alijiunga na jeshi kwa jina la Thomas Edwin Mix. Hapa ndipo maisha yake yanapogawanyika mara mbili, kwa kuwa kuna mambo aliyoyafanya na kuna mambo yaliyosemwa kwamba aliyafanya. Kikosi chake cha mizinga hakikuvuka bahari. Hakupigana Cuba, hakufika China kuzima uasi wa Mabondia, wala hakukanyaga Afrika Kusini wakati wa Vita vya Makaburu. Hata hivyo, miaka ya baadaye, wapiga debe wa studio walimsimulia kama shujaa wa vita vyote hivyo, naye hakujishughulisha kuwasahihisha. Kumbukumbu za jeshi zinaeleza jambo jingine. Mnamo Julai 1902 alimwoa Grace Allin, akaenda likizo, na likizo ilipokwisha hakurudi kambini. Jina lake likaandikwa miongoni mwa watoro. Hakufikishwa mahakamani, na siri hiyo haikutoka nje mpaka alipokuwa amekwisha kufariki.

Jambo hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Mtu ambaye watoto wa taifa zima walifundishwa kumwiga kwa unyoofu aliishi miaka 38 akijua kwamba karatasi moja katika kabati la serikali ingeweza kumvua kofia yake nyeupe. Huenda ndiyo sababu hakuwahi kupunguza mbwembwe.

Baada ya kulikimbia jeshi alielekea Oklahoma. Huko alifanya kazi za kila aina, ikiwemo kuhudumu katika baa, kabla ya kuajiriwa na ndugu wa Miller, wamiliki wa ranchi kubwa iliyojulikana kama 101. Ranchi hiyo ilifuga ng'ombe, lakini vilevile ilikuwa na kundi la maonyesho ya wapanda farasi lililozunguka mijini. Ni hapo alipojifunza ukauboi wa kweli, au angalau ukauboi wa kuonyeshwa watu, kwani tayari zama za kuswaga ng'ombe nyikani zilikuwa zinayoyoma. Mwaka 1905 alikuwa miongoni mwa wapanda farasi walioandamana mjini Washington katika sherehe za kuapishwa kwa Rais Theodore Roosevelt. Aidha, aliwahi kuwa mlinda usalama wa usiku katika mji mdogo wa Dewey. Kibarua hicho nacho kilitiwa chumvi, kikageuzwa kuwa cheo cha mkuu wa polisi aliyewatia mbaroni majambazi wa kutisha.

Sinema ilimkuta huko huko. Kampuni ya Selig Polyscope ya Chicago ilikuwa ikitafuta mahali pa kupiga picha za maisha ya ranchini, pamoja na mtu wa kusimamia ng'ombe na farasi. Mix akapewa kazi hiyo, na filamu iliyotokana na safari ile ikatoka mwaka wa 1910. Alipoonyesha jinsi anavyoweza kumwangusha fahali, wapiga picha walitambua kwamba msimamizi huyo ndiye aliyestahili kuwa mbele ya kamera.

Msomaji wa Kenya ana sababu ya kulikumbuka jina la Selig. Mnamo Aprili 1909, Roosevelt, ambaye alikuwa ameachia urais mwezi mmoja tu uliotangulia, aliteremka Mombasa na kupanda garimoshi kuelekea bara kuwinda wanyama. William Selig alitamani kupata picha za safari hiyo lakini hakufanikiwa. Basi akanunua simba mzee, akamtia katika uzio wa studio yake mjini Chicago, akamtafuta mwigizaji aliyefanana na rais huyo wa zamani, na kuwavisha Waamerika weusi mavazi ya wapagazi. Simba alipigwa risasi kamera ikizunguka. Habari zilipofika Marekani kwamba Roosevelt ameua simba, Selig aliitoa filamu yake, na watazamaji wengi wakaondoka ukumbini wakiamini wameiona Afrika. Hii ndiyo shule ambayo Tom Mix alisomea sinema. Ilikuwa shule ambamo ukweli na uongo vililala kitanda kimoja.

Kampuni hiyo hiyo ilichangia kuzaliwa kwa filamu za mfululizo. Mwishoni mwa 1913 ilianza kutoa The Adventures of Kathlyn, ambapo mwigizaji Kathlyn Williams alikabiliana na wanyama wakali kipindi baada ya kipindi, huku gazeti la Chicago Tribune likichapisha hadithi yenyewe sambamba na filamu. Ujanja ulikuwa kukikata kisa mahali pabaya. Mtazamaji aliyetaka kujua kama binti huyo ameliwa au amenusurika hakuwa na budi kurudi na kiingilio kingine. Mwaka uliofuata ukaja mfululizo wa The Perils of Pauline ulioigizwa na Pearl White, na kufikia 1916 kampuni ya Universal ilikuwa imeuhamishia mtindo huo mpakani mwa Marekani na Mexico, katika hadithi ya makauboi iliyoitwa Liberty.

Mix hakujiunga na wimbi hilo wakati huo. Alibaki kutengeneza filamu fupi fupi za Selig, zaidi ya mia moja, nyingine akiziandika na kuzielekeza mwenyewe. Mwaka wa 1917 akahamia kampuni ya Fox, na hapo nyota yake ikang'aa kweli kweli. Alijengewa mji mzima wa maigizo mjini Los Angeles, ukaitwa Mixville. Ulikuwa na barabara ya vumbi, baa, benki ya kuporwa, kijiji cha Wahindi Wekundu na jangwa la kutengeneza. Makauboi waliomtangulia katika sinema walivalia nguo chakavu na nyuso za huzuni. Yeye alivaa mashati ya kumetameta, glavu na kofia kubwa nyeupe. Shujaa wake hakunywa pombe, na aliua pale tu ilipokuwa hakuna njia nyingine. Nje ya kamera, mambo yalikuwa tofauti: chupa aliijua, na kwa jumla alioa mara tano.

Lakini farasi hakuwa uongo. Tony, farasi wa rangi ya hudhurungi mwenye alama nyeupe usoni, alipata umaarufu uliokaribia ule wa bwana wake. Jina lake lilitangazwa kwenye mabango, na mwaka 1925 wawili hao walizuru London, Paris na Berlin pamoja. Waliruka makorongo, walikimbizana na garimoshi, walipita katikati ya moto na vioo. Mara nyingi Mix alikataa kuwekewa mtu wa kuanguka kwa niaba yake, na gharama ya ukaidi huo aliibeba mwilini mpaka kaburini. Kwa kipindi fulani alilipwa dola 7,500 kwa wiki, fedha ambazo mfanyakazi wa kawaida wa zama hizo asingezipata kwa miaka kadhaa. Alizitumia kama alivyozipata. Herufi za jina lake, T na M, zilipamba kila alichomiliki, kuanzia tandiko hadi lango la nyumba.

Mwaka wa 1928 Fox ilimwacha. Sauti ilikuwa imeingia katika sinema, na baadhi ya watayarishaji waliamini kwamba filamu za nje, za farasi na vumbi, haziwezi kunaswa kwa vipaza sauti vya wakati huo. Mix alitengeneza filamu chache kwa kampuni nyingine, kisha akaingia sarakasi ya Sells-Floto mwaka 1929. Mwaka huo huo soko la hisa likaporomoka na kuondoka na sehemu kubwa ya mali yake. Serikali ikamdai kodi. Zack Miller, mmoja wa wale ndugu wa ranchi ya 101, akamshtaki kwa kuvunja makubaliano ya kazi. Mwishoni mwa 1931 alilazwa hospitalini akiwa mahututi baada ya kidoletumbo chake kupasuka. Alipopona, Universal ikampa mkataba wa filamu za sauti, naye akatengeneza tisa. Katika kazi hizo Tony alianguka pamoja naye, na farasi huyo mzee akastaafishwa mwaka 1932. Bwana wake naye akatangaza kwamba sinema sasa basi.

Alirudi katika ndoto yake ya utotoni. Alijiunga na sarakasi ya Sam B. Dill mwaka 1934, na baada ya muda mfupi ikawa mali yake. Sarakasi ni mdomo usioshiba, na miaka ile ya njaa na ukosefu wa kazi wazazi wengi walihesabu senti kabla ya kuwapeleka watoto hemani. Ndipo akaja Nat Levine.

Levine alikuwa mwenye kampuni ya Mascot, iliyokuwa ikitengeneza filamu za mfululizo kwa haraka na kwa bei ya chini. Alikuwa amekodi studio ya zamani ya mchekeshaji Mack Sennett mjini Los Angeles. Mapema mwaka huo wa 1935 alikuwa ametoa mfululizo wa mwimbaji kijana, Gene Autry. Alijua hesabu zake vizuri. Inasemekana The Miracle Rider nzima iligharimu takriban dola 80,000, na nusu ya fedha hizo, dola 40,000, ziliingia mfukoni mwa mtu mmoja. Kwa nusu iliyobaki ilibidi vipatikane vipindi 15, yaani karibu saa tano za filamu.

Hilo liliwezekana kwa sababu kampuni kama Mascot zilikuwa na desturi zao. Waelekezi walikuwa wawili, B. Reeves Eason na Armand Schaefer, ili mmoja akiwa kazini mwenzake apate kuandaa kazi inayofuata. Eason alikuwa na sifa ya kuwamudu farasi na umati: miaka kumi awali alishiriki kuelekeza mashindano ya magari ya farasi katika filamu ya Ben-Hur. Matukio hayakupigwa kwa mpangilio wa hadithi. Kila kilichotokea penye jabali fulani kilipigwa kwa siku hizo hizo, kiwe cha kipindi cha pili au cha kumi na tatu, na waigizaji walivaa nguo zile zile mwanzo hadi mwisho ili vipande viweze kuunganishwa popote. Mwigizaji angeweza kufa asubuhi na kupanga njama adhuhuri. Mianguko na miruko ya hatari iliachiwa watu wa badala, jambo ambalo Mix wa 1922 asingelikubali. Farasi alikuwa Tony Jr., aliyerithi jina la Tony bila kuwa mwanawe.

Hadithi yenyewe ilikuwa mchanganyiko wa ajabu. Kipindi cha kwanza, kilichofanywa kirefu kuliko vingine ili kiwanase watazamaji, kilitanguliwa na picha za jinsi wenyeji asilia wa Marekani walivyosukumwa kutoka ardhi yao kizazi baada ya kizazi. Kisha anaonekana Tom Morgan, askari wa doria wa Texas, rafiki wa kabila la kubuni la Ravenhead. Katika ardhi ya kabila hilo kuna madini ya kutengenezea baruti kali iitwayo X-94. Tajiri wa mafuta, Zaroff, aliyeigizwa na Charles Middleton, anataka kuwatimua wenyeji apate kuyachimba kwa siri. Anatumia chombo kinachoruka bila rubani, akitumaini kwamba watadhani ni ghadhabu ya miungu. Chifu anapouawa, ni juu ya Morgan kuuzima mpango huo.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki, kisa cha jamii inayofukuzwa kwa sababu ya utajiri ulio chini ya ardhi yake si cha kigeni. Ni ajabu kukikuta katika filamu ya bei nafuu iliyokusudiwa watoto wa Jumamosi. Hata hivyo isisahaulike kwamba chifu na bintiye waliigizwa na wazungu waliopakwa rangi, na kwamba wokovu wa kabila zima ulitoka kwa mgeni mwenye kofia nyeupe. Filamu iliwahurumia wenyeji bila kuwapa nafasi ya kujiokoa.

Ukiutazama mfululizo huo sasa, unaona mambo mawili kwa pamoja. Unaona mzee ambaye maneno yanamtoka kwa shida na ambaye anasimama kama mtu anayeumwa na mgongo. Kisha anapanda farasi, na umri unamwacha. Hapakuwa na wa badala aliyeweza kukaa tandikoni kwa namna ile.

Filamu ilianza kuonyeshwa Mei 1935 na kumletea Levine faida kubwa. Inatajwa kwamba mapato yake yalizidi dola milioni moja. Mix hakupata sehemu ya faida hiyo, kwani alikuwa amelipwa ujira wake na kuondoka. Mascot nayo haikudumu: mwaka huo huo iliunganishwa na kampuni nyingine ndogo ikawa Republic, ambayo ndiyo iliyotawala filamu za mfululizo kwa miaka iliyofuata.

Dola 40,000 zilimezwa na sarakasi. Kwa misimu michache mahema ya Tom Mix yalizunguka Marekani kwa malori, kutoka pwani moja hadi nyingine. Mwaka wa 1938 alikwenda kufanya maonyesho Uingereza akamwachia bintiye Ruth usimamizi. Sarakasi ikaanguka kabla hajarejea. Uhusiano wa baba na binti haukupona, na katika wosia wake Ruth hakurithi kitu. Wengi huona alimwonea: misimu ile iliangusha sarakasi zilizokuwa na mtaji mkubwa kuliko wake.

Wakati huo huo, Tom Mix mwingine alikuwa akinawiri. Tangu 1933 kampuni ya Ralston, wauzaji wa nafaka za kiamshakinywa, ilidhamini mchezo wa redio wenye jina lake. Watoto walikata vipande vya pakiti na kuvituma kwa posta wapate zawadi za shujaa wao. Mix mwenyewe hakuwahi kusema neno katika mchezo huo. Sauti yake iliigizwa na wengine, na waliendelea kuiigiza kwa takriban miaka kumi baada ya kufa kwake.

Kifo kilimkuta Oktoba 12, 1940, akiwa na miaka 60. Alikuwa ametoka kumtembelea rafiki yake, mkuu wa polisi wa eneo la Tucson, Arizona, akawa anaelekea kaskazini kwa gari lake la kifahari aina ya Cord. Karibu na mji wa Florence daraja lilikuwa limesombwa na mafuriko, na vizuizi vya mafundi vilikuwa vimewekwa barabarani. Alivikuta kwa kasi. Gari liliyumba na kuangukia korongoni. Sanduku la chuma chepesi, lililosheheni fedha na vito, lilichomoka nyuma ya kiti na kumgonga kisogoni. Aliyeruka mamia ya makorongo mbele ya kamera hakuweza kuvuka hili dogo, ambalo sasa linaitwa kwa jina lake. Kando ya barabara kuna mnara wa mawe wenye sanamu ya farasi asiye na mpandaji.

Alizikwa Glendale, California. Tony, aliyekuwa akitunzwa uzeeni, alikufa Oktoba 1942, miaka miwili hivi baada ya bwana wake. Sanduku lile liliokotwa na kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tom Mix huko Dewey, mji ule alimowahi kuwa mlinzi wa usiku. Mbonyeo wake ungali unaonekana.